Hatua Moja ya Bikoni

Jumatatu, Septemba 8

Mvua ya kwanza ya vuli. Paa linavuja juu ya kitanda, upande aliokuwa analala Ester. Nimeweka sufuria. Usiku kucha inalia tii, tii.

Niandike hali ilivyo, ili siku nikiwa mtu mkubwa watu wajue nilianzia wapi. Mimi Athanas, mzaliwa wa Kisaka, ni fundi wa vipimo katika kituo kipya cha utafiti hapa Ringwani. Tuna mashine inayokimbiza chembe ndogo kuliko vumbi. Zikishapata kasi zinatoka zote pamoja kama mwale, zinapita ndani ya bomba lililonyonywa hewa yote, mita ishirini na nne, mpaka chumba cha pili ambako siku moja zitatengeneza dawa za kuchunguzia saratani. Bomba hilo tunaliita laini. Kila hatua chache kuna sumaku ya kuuongoza mwale usigonge ukuta wa bomba, na skrini inayowaka kijani mwale ukiifikia. Skrini ziko sita. Mwale ukifika ya sita, laini imefaulu majaribio.

Na hapo mkataba wangu nao umekwisha. Imeandikwa hivyo hivyo, kifungu cha nne.

Nasikia baada ya hapo itabaki nafasi moja ya kudumu. Ni yangu au ya Mwantumu. Mwantumu ni binti wa muuza vipuri wa Tarime mjini. Alinyoosha nusu ya kwanza ya laini mwezi wa nane, kwa siku tisa, bila kumsumbua mtu. Nusu ya pili ni yangu. Nimeichelewesha wiki tano. Wanaosema mvivu hawajasoma kifungu cha nne.

Ester alirudi kwa baba yake mwezi wa saba, na binti yetu Nyangi wa miaka minne. Alisema amechoka kufungasha vyombo kila mkataba unapokwisha. Atarudi nikipata kazi isiyo na tarehe ya mwisho. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Ni chumba kimoja.

Leo Daktari Scholastica, mkuu wetu, amenisimamisha koridoni. Alisema nipite ofisini, ana jambo la kuniambia, tena zuri. Zuri! Ndivyo wanavyoanza wakitaka kumwondoa mtu. Nikasema tumbo linaniuma. Nikatokea mlango wa nyuma.

Jioni mpango ukaja wenyewe. Ili kunyoosha sumaku zangu lazima nichungulie kwa darubini ya vipimo, dirishani, mpaka bikoni namba tatu, nguzo ya zege iliyosimama mita mia nne kutoka kituoni. Bila bikoni hakuna vipimo. Bila vipimo hakuna mwale, na bila mwale mkataba unaendelea. Na bikoni hiyo iko ukingoni mwa shamba la mihogo la nani? La Mzee Machage. Baba yake Ester!

Nikaenda kumpa shikamoo. Nikadokeza kidogo, katikati ya habari za mvua, kwamba nguzo kama ile kwa kawaida ni mwanzo wa kupanua mipaka. Huku kwetu ukitaja bikoni mtu anaacha kula. Mzee akaacha kula. Kesho itakuwa imeng'olewa, na kumpata mpimaji wa kuisimika upya ni mwezi mzima.

Nilisikia Ester anacheka jikoni na mama yake. Hakutoka.

Jumanne, Septemba 9

Asubuhi nikakimbilia darubini. Bikoni imesimama! Nyeupe, imetulia, haina hata mkwaruzo. Mzee mwoga yule. Miaka yote anasimulia alivyofukuza wezi wa ng'ombe peke yake, kumbe nguzo moja inamshinda.

Daktari ametangaza: majaribio ni Alhamisi, hakuna kuahirisha. Halafu akaniangalia na kusema bado ananisubiri ofisini. Nikajifungia chumba cha pampu. Nilikaa humo saa nzima na joto lake, nikasoma maandishi ya tahadhari mara kumi na mbili. Kiwango cha mafuta kiangaliwe kila wiki. Nani anaangalia kila wiki? Mwantumu, bila shaka.

Nimekata tamaa. Imebaki njia moja, na sijawahi kuitumia katika kituo hiki. Nitafanya kazi vizuri.

Jumatano, Septemba 10

Mgongo umekufa. Nimepima sumaku zote sita za upande wangu. Nikapima tena. Nikapima mara ya nne! Chungulia bikoni, funga skrubu, chungulia, legeza kidogo, funga. Nimetumia pimamaji langu nililonunua Sirari kwa mtu aliyeapa kwa jina la mama yake. Sikula mchana. Saa kumi na moja nusu yangu ya laini ilikuwa imenyooka kuelekea bikoni namba tatu bila kosa la unene wa ukucha.

Mwantumu akaja akainama, akatazama, akasema, kaka Athanas, leo umefanya kazi. Hakuwa ananitania. Nikajisikia vibaya kwa namna nisiyoielewa, kama mtu aliyesifiwa msibani. Nikamjibu kwamba ndivyo ninavyofanya siku zote.

Nimelala mapema. Nimeota Ester anaingia na ndoo ya maji kichwani, ananiuliza, bikoni niiweke wapi?

Alhamisi, Septemba 11

Siku mbaya kuliko zote, nilidhani.

Saa nne asubuhi tukawa wote chumba cha kuongozea, nyuma ya ukuta wa zege. Daktari akahesabu. Skrini ya kwanza: nukta ya kijani katikati kabisa. Ya pili: katikati. Ya tatu: katikati. Hizo ni za Mwantumu. Ya nne, yangu: nukta imejibana pembeni, kama mtu anayechungulia mlangoni. Ya tano: giza. Ya sita: giza. Kengele ya mionzi ikalia. Mwale ulikuwa unagonga ukuta wa bomba. Daktari akazima mashine.

Watu wote wakanigeukia. Mimi nikamgeukia Mwantumu.

Nikasema kwa sauti kubwa kwamba nusu yake imepinda. Mimi nimepima mara nne! Nani hapa amepima mara nne? Mwale umefika kwangu ukiwa tayari umeharibika. Mwantumu alichukua kalamu. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akaenda kuosha kikombe.

Mchana wote nikaandika barua ya malalamiko, kurasa mbili, kwa Daktari, nakala kwa mtendaji wa kata. Sijui mtendaji wa kata atafanya nini na habari za sumaku, lakini barua isiyo na nakala haina uzito. Nikaisukuma chini ya mlango wa Daktari nikaondoka mbio, maana nilisikia kiti kinasogea ndani na sauti yake inaniita.

Safari hii nina haki. Hilo ndilo linaloniuma. Kwa mara ya kwanza kabisa nina haki.

Ijumaa, Septemba 12

Sina haki.

Mwantumu alirudi kutoka swala ya Ijumaa akiwa na uzi wa kuvulia samaki na timazi mbili za fundi ujenzi. Akaufunga uzi mwanzo wa laini, akaunyoosha juu ya bomba mpaka mwisho, mita ishirini na nne. Hakutumia darubini wala bikoni. Uzi ukapita juu ya katikati ya sumaku zake zote. Ukafika kwangu. Sumaku zangu zilikuwa zinauacha uzi polepole kuelekea mashariki, kila moja zaidi ya iliyotangulia. Ya mwisho ilikuwa vidole viwili nje.

Daktari alisema tu kwamba majaribio yatarudiwa Jumatatu. Nilitamani angenitukana.

Jioni nikaenda kwa Mzee Machage. Ninaapa nilikwenda kumwona Nyangi tu. Mzee akanipokea kwa furaha ambayo sijaiona tangu siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari. Akaniketisha, akaniita mura, yaani kijana wetu, akaamuru niletewe uji. Halafu akanikaribia na kunishukuru kwa kumfungua macho Jumatatu. Alisema mjinga ndiye anayeng'oa bikoni. Ukiing'oa, wanakuja na askari. Mtu mwenye akili anaitembeza. Usiku ule ule aliitembeza hatua moja kuelekea mashariki, akaisimika wima, akarudisha nyasi na mizizi yake, akamwagia mavi ya kuku ionekane ya zamani. Hatua moja kwa urefu wote wa shamba ni mihogo ya kutosha. Akacheka mpaka akakohoa.

Nikashusha bakuli la uji. Hatua moja kule ni vidole viwili huku. Nimepima mara nne kwa bikoni iliyotembea! Sumaku zangu hazina kosa. Zimenyooka kabisa kuelekea wizi wa baba mkwe wangu.

Na siwezi kusema. Nikimtaja mzee, nimemshtaki baba yake Ester kituoni, na hakuna mkwe wa huku aliyewahi kufanya hivyo akarudishiwa mke. Tena wataniuliza nani alimtia mzee hofu. Nilikaa na lile bakuli mpaka mama mkwe akaja mwenyewe kulichukua, kichwa kimeinama, bila kuniangalia, kama ilivyo heshima. Nyangi alikuwa amelala. Nimemwona mguu tu.

Jumamosi, Septemba 13

Mpango mpya. Mzuri kuliko wote.

Wakwe zangu ni Wasabato. Asubuhi ya leo hakuna mtu shambani, wote kanisani mpaka saa saba. Nikaenda na mtaimbo na jembe. Mchana kweupe, mtu mzima na cheti chake, nachimba bikoni. Ina uzito wa ndama. Niliikumbatia, nikaitembeza pole pole, nikaanguka nayo, nikaikumbatia tena. Matope mpaka kwenye masikio. Nilipata shimo lake la zamani, nikairudisha, nikashindilia udongo, nikamwagia na mavi ya kuku kama alivyofanya mzee. Hakuna aliyeniona. Kule kituoni niliona kitu kinang'aa dirishani, jua likipiga kioo. Basi.

Jumatatu alfajiri nitafika wa kwanza, nitapima upya, saa mbili tu zinatosha. Daktari akifika atakuta nusu yangu imenyooka. Nitasema niligundua kasoro kwa kufikiri. Nafasi ni yangu. Ester anarudi. Mzee hataguswa.

Nimeoga mara mbili. Harufu ya kuku haijatoka.

Jumapili, Septemba 14

Mzee Machage amekuja mwenyewe, na fimbo. Hajawahi kukanyaga chumba changu. Akaitazama sufuria ya matone, akakaa kwenye ndoo.

Alisema kituo kimeiba hatua yake moja. Jana walikuwa na bikoni yao kwa amani, leo imerudi nyuma. Nilikuwa sahihi, akasema, wanapanua! Kesho atakuja na wazee wa ukoo mpaka getini. Alinitaka niwe shahidi, maana mimi ni mtu wao wa ndani.

Nilitaka kumwambia. Neno lilifika mdomoni. Lakini nikafikiri: wazee getini, kelele, majaribio yataahirishwa. Wiki nzima labda! Nikasema ndiyo mzee, njooni mapema.

Akaondoka ameridhika. Mimi nimebaki na tii, tii.

Jumatatu, Septemba 15

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi na funguo zangu. Nusu yangu ya laini ilikuwa imeshanyooshwa. Uzi wa kuvulia bado umefungwa juu yake, kila sumaku imewekwa alama ya kalamu, bomba limefungwa, pampu zinavuta hewa. Mwantumu alifanya kazi Jumamosi na Jumapili. Bikoni hakuigusa. Kazi yangu yote ya matope haikuwa na maana yoyote.

Saa tatu na nusu wazee wakafika, kumi na mmoja, na Ester nyuma yao amemshika Nyangi mkono. Daktari akaniagiza niwatulize, maana ni wakwe zangu. Wenzangu wakawasha mashine. Mimi nikaenda getini.

Mwantumu akatoka mara moja. Aliwasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akamwambia Ester, dada, njoo na mtoto mkaone kazi. Akawapeleka ndani, chumba cha kuongozea. Nyangi alinipungia mkono akipita. Nilimwahidi tangu mwaka jana kwamba siku mwale ukipita nitambeba mabegani aone.

Getini Mzee Machage akasimama akazungumza. Alieleza habari ya hatua moja, lakini ile aliyoitembeza yeye hakuigusa. Kisha akauliza nani alimwambia kituo kinapanuka, na akajijibu mwenyewe kwa fimbo: huyu hapa, mkwe wangu, Jumatatu iliyopita, saa kumi na mbili jioni, katikati ya chakula. Wazee wote kumi na mmoja wakanitazama. Na walinzi. Na mama wa maandazi.

Wakati huo huo ndani wakapiga makofi. Taa ya kijani juu ya mlango ikawaka. Skrini ya sita. Nikaangalia saa: nne na dakika arobaini. Kifungu cha nne. Nilikuwa nimemshika mzee mmoja kiwiko asiingie, na kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Ester akatoka anatabasamu. Sijaiona sura hiyo tangu Pasaka. Nyangi akasema ni kadogo, kanawaka kama jicho la paka. Ester akasema Daktari amemnong'oneza jambo, kwamba kesho nikitoka ofisini kwake nitakuwa na habari. Akasema atapita kesho jioni. Ananicheka. Anakuja kuchukua kanga yake iliyobaki msumarini, najua.

Jumanne, Septemba 16

Daktari aliketi, mimi nikasimama. Alitoa barua drooni, akaiweka mezani, ikinitazama. Tarehe tano Septemba. Nafasi za kudumu zilikuwa mbili. Ya Mwantumu na yangu. Tangu mwanzo. Alisema ameniita siku saba anipe mkononi.

Nilitaka kulia, nilitaka kukimbia nimwambie Ester. Daktari akasema kabla hajanipa ana swali moja tu. Wazee wameshatulizwa, laini imefaulu, hataki kesi na mtu. Anachotaka ni kujua kama mtu atakayeachiwa mashine ya mionzi anaweza kusema kweli. Nani alihamisha bikoni Jumamosi?

Alisubiri. Alikuwa ananisubiri kwa upole, sasa ninaona.

Nikasema ni Mwantumu.

Akageuza simu yake. Kumbe Jumamosi Mwantumu alikuwa kwenye darubini, anatafuta kwa nini bikoni na uzi havikubaliani. Akapiga picha kupitia kioo. Ni mimi, wazi kabisa, mashavu yote, nimeikumbatia nguzo nimefumba macho kama ninacheza nayo harusini.

Daktari alirudisha barua drooni. Hakuichana. Alisema nitakayorudishiwa ni ile yangu ya malalamiko, na nakala yake.

Jioni Ester akafika kwa bodaboda na Nyangi, mabegi mawili, godoro la mtoto. Alikuja kuhamia. Daktari alikuwa amemnong'oneza habari ya barua. Nikamwambia nimenyimwa barua kwa sababu ya picha ya bikoni, na picha hiyo imetengenezwa na Mwantumu, siku hizi inawezekana. Ester aliniangalia sana. Akaitazama sufuria, akaitazama dari, akakishika kitanda kwa mikono miwili akakivuta mpaka ukuta wa pili, mbali na matone. Haikuchukua hata dakika. Kisha akachukua kanga msumarini. Bodaboda alikuwa hajazima injini.

Nyangi aliniuliza kwa nini siendi nao. Nilisema nina kazi.

Jumatano, Septemba 17

Mvua tena. Kitanda hakilowi.

Nimefikiri siku nzima na nimeielewa yote. Barua ile ilikuwa mtego. Mtu mwenye nia njema haweki barua drooni siku kumi na moja. Ningeenda siku ile ya kwanza, kama mjinga, wangeninasa. Na kosa langu lilikuwa moja tu: nilimdokezea mzee mwenye akili.

Sasa kuna watu wa maji wanapima njia ya bomba kutoka mtoni kuja senta. Wanatafuta fundi wa vipimo wa muda, mpaka maji yatakapofika bomba la mwisho. Nimepita kujiandikisha. Wamechomeka vigingi vyekundu, kimoja kando ya mtama wa Mzee Nashoni, na huyo kila mtu anajua si mwerevu.

Nikaingia kumsalimia. Tulizungumza habari za mvua. Sikumwambia kitu, nilidokeza tu, na nilipoondoka alikuwa ameacha kula.